Likizo ya Shokapu Wanne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe kumi na moja, gari la wagonjwa la zahanati ya Mkongoroni liliingia katika uwanja wa Ofisi ya Uamuzi wa Uchakavu na kusimama. Magurudumu ndiyo yaliyosimama kwanza. Bodi iliendelea kupanda na kushuka, na Sikudhani Mlekwa, Mkaguzi Daraja la Pili, aliyekuwa dirishani na kalamu mkononi, alihesabu midundo mitano kabla haijatulia. Aliandika: mitano.

Nchi yenyewe haikuwa na jina. Kamati ya Jina ilikuwa imeundwa zamani, lakini barua za kuwateua wajumbe wake zilipaswa kuandikwa kwenye karatasi yenye jina la nchi juu, kwa hiyo wajumbe walikuwa bado wanasubiri. Mengine yote nchi ilikuwa nayo. Ilikuwa na wimbo wa beti kumi na moja, na ilikuwa na utaratibu wa kununua magari ya serikali kwa dhamana ya miezi kumi na minane: kifaa kikichakaa ndani ya muda huo, muuzaji anatoa kipya. Kazi ya Ofisi ilikuwa kuamua kama kifaa kimechakaa. Katika miaka tisa ya uhai wake haikuwahi kukuta hata kimoja, na takwimu hiyo ilisomwa kila mwaka bungeni kama ushahidi wa ubora wa vifaa. Muuzaji alikuwa shemeji yake Waziri. Watu waungwana waliona hiyo ni bahati ya nchi, maana mtu baki asingeweza kukabidhiwa ubora wa namna hiyo.

Dereva aliteremka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Jina lake Mwinyimvua, mtu wa makamo aliyekwisha kuvuka makamo.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikudhani.

"Marahaba, Bi Mkaguzi. Ila usinikaribishe kiti, leo sikai."

"Gari lina nini?"

"Shokapu. Zote nne zimekwisha. Likikanyaga ganda la ndizi linaruka. Juzi pale Kona ya Jiwe nyuma ilitaka kunitangulia. Nimeendesha miaka thelathini na moja, sijawahi kupitwa na gari langu mwenyewe."

"Kulikuwa na mgonjwa ndani?"

"Mmoja, wa malaria. Alipofika hospitali alikuwa na malaria na mkono."

"Mkono umefanyaje?"

"Umevunjika."

Sikudhani aliandika. Mwinyimvua alimtazama akiandika, kisha akashusha sauti, ingawa uwanjani hapakuwa na mtu mwingine.

"Jumatano ya wiki ijayo, tarehe ishirini, nambeba Siwatu. Mwanangu wa kwanza. Mtoto amekaa kwa kukingama tumboni. Daktari kasema siku hiyo apasuliwe, na njiani asitikiswe. Kilomita sitini na moja, Bi Mkaguzi. Na gari ni hili hili, lingine halipo."

Sikudhani hakusema pole. Alifungua faili la gari akatafuta tarehe. Dhamana ilikuwa inakwisha Ijumaa ya tarehe kumi na tano, saa sita kamili mchana. Alivaa koti la kazi, akalala chali chini ya gari na tochi.

Alichokiona hakikuhitaji elimu kubwa. Mafuta yalikuwa yametoka kwenye mdomo wa kila shokapu na kushuka hadi chini, vumbi likanata juu yake, na juu ya vumbi mafuta mengine. Mipira ya kushikilia ilikuwa imepasuka. Matairi yalikuwa yameliwa kwa mawimbi, hapa bonde, pale tuta. Alitoka, akakandamiza kona ya nyuma kwa nguvu zake zote, akaiachia. Mitano tena.

"Zinavuja," alisema Mwinyimvua.

"Usiliseme hilo neno hapa."

"Kwani nimetukana?"

Sikudhani alimpa Waraka Namba Kumi na Nne ausome mwenyewe. Waraka ulisema kwamba unyevu katika shokapu ni wa aina mbili. Kuna jasho, ambalo hutokana na kazi, na kuna kuvuja, ambako hutokana na uzembe. Shokapu inayotoka jasho ni nzima na haibadilishwi. Shokapu inayovuja hubadilishwa, baada ya kumtaja kwa jina na cheo aliyeinunua, aliyeiuza na aliyeiidhinisha. Aliyeidhinisha alikuwa Waziri.

Mwinyimvua alisoma hadi mwisho, akaurudisha waraka kwa vidole viwili.

"Sasa hii yangu ni ipi?"

"Kwa macho yangu, inavuja."

"Na kwa macho ya Ofisi?"

"Kikao ni kesho saa tatu."

* * *

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mkurugenzi, Daktari Fulgensi Kasubi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, aliopewa na chuo alichokwenda kukifungua. Watu wa chuo walikuwa wamekosa mkasi wa kukatia utepe, yeye akatumia meno. Aliongea kwa dakika arobaini juu ya umuhimu wa kutopoteza muda. Kisha akamruhusu Sikudhani asome ripoti.

Sikudhani alisoma: mafuta, mipira, matairi, midundo mitano. Kanuni inasema shokapu ikizidi midundo mitatu imechakaa.

"Mdundo ni nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Gari kushuka na kupanda, Mheshimiwa."

"Kupanda mpaka wapi?"

"Mpaka karibu na pale lilipoanzia."

"Karibu!" Mkurugenzi aliwageukia wajumbe. "Ndugu zangu, mnasikia? Karibu. Mtu akitoka nyumbani akarudi mpaka karibu na nyumbani, amerudi?"

Wajumbe walikubaliana kwamba hajarudi. Ikaamuliwa kwamba mdundo hauhesabiwi mpaka gari lirudi pale pale lilipoanzia, bila kupungua hata unywele. Kwa kuwa kila mdundo wa gari la Mkongoroni ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, hakuna hata mmoja uliokamilika. Katibu aliandika: midundo, sifuri.

Sikudhani akataja matairi. Tairi haliliwi kwa mawimbi kama shokapu inafanya kazi.

"Hiyo ni barabara yao," alisema mjumbe mmoja, mtu mnene aliyependa kusaidia. "Na dhamana haihusu barabara mbovu. Tumemaliza."

Wajumbe wote walimgeukia. Mwezi uliopita Waziri alikuwa ametangaza kwamba nchini hakuna tena barabara mbovu. Mjumbe mwenyewe aliligundua hilo akiwa bado ameacha mdomo wazi. Aliomba kufuta kauli yake, akaruhusiwa, na kwa usalama akafuta na nyingine mbili alizozitoa mwaka jana.

"Kwa hiyo," alisema Sikudhani, "barabara ni nzuri na tairi limeliwa. Imebaki shokapu."

"Imebaki dereva," alisema Mkurugenzi. "Aitwe."

Mwinyimvua aliitwa. Aliingia amevaa koti, na kwenye koti kulikuwa na medali ya Dereva Bora wa Taifa. Mkurugenzi aliitambua bila kuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika sinia siku Waziri alipomvisha mzee huyo kwa mkono wake mwenyewe.

"Pita, pita, mzee wangu," alisema Mkurugenzi. "Tulikuwa tunakusifu tu."

Ikawa basi barabara haina kosa, dereva hana kosa, na shokapu haziruhusiwi kuwa na kosa. Katika hali kama hiyo sheria ilitaka lifanyike jaribio.

* * *

Jaribio lilifanyika Jumatano saa nne asubuhi, kutoka ofisini hadi kisima cha Mission na kurudi, kilomita tatu. Mkurugenzi alikaa nyuma kwenye kitanda cha mgonjwa, ameshika glasi ya chai iliyojaa hadi ukingoni. Ikimwagika, shokapu zina la kujibu. Mjumbe mnene alikaa upande wa pili kama shahidi. Sikudhani alikaa karibu na mlango na saa yake.

Ndani ya mita mia mbili glasi ilikuwa tupu.

"Mheshimiwa, chai imemwagika," alisema Sikudhani.

"Haijamwagika. Imehama." Na kweli ilikuwa yote kwenye suti yake, chini haikufika hata tone.

Gari liliingia kwenye matuta madogo madogo ya njia ya kisima, yale ambayo Wizara huyaita urembo wa uso wa barabara. Mkurugenzi alipanda hadi kwenye paa, akashuka, akapanda tena. Mjumbe mnene alikuwa amekumbatia mtungi wa oksijeni na kufumba macho.

"Dereva! Punguza mwendo!"

"Nimekwisha kusimama, Mheshimiwa!" alijibu Mwinyimvua. "Hiyo ni bodi, inamalizia!"

Walirudi saa nne na dakika ishirini. Mjumbe mnene alikuwa ameng'oka jino la mbele na alilibeba kwenye leso. Mkurugenzi alikuwa na nundu juu ya sikio la kushoto. Kumbukumbu za jaribio, zilizochapwa alasiri ile, zilisema kwamba safari ilikuwa changamfu, kwamba Mkurugenzi alikutana na paa mara nne katika mazingira ya kirafiki, na kwamba chai ilipokewa vizuri.

* * *

Alhamisi saa tatu kikao kilikaa kutoa uamuzi. Mkurugenzi alisimama. Nundu ilimpa sura ya mtu aliyepigana kwa ajili ya jambo fulani, na yeye mwenyewe alilitambua hilo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nimekaa juu ya vyuma vile. Nimevisikia. Nawauliza, ni nani kati yetu hatoki jasho? Mkulima hutoka jasho. Mwalimu hutoka jasho. Mimi mwenyewe jana nilitoka jasho. Je, tumechakaa?"

"Hapana!" walisema wajumbe.

"Shokapu hawa wametoka jasho miezi kumi na minane kasoro siku moja! Hawakugoma! Hawakudai! Hawakuandika barua zisizo na majina kwenye magazeti! Leo tuwaite wachakavu? Shokapu hawa ni wazalendo!"

Makofi yalilia. Katibu wa kikao, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila atamkacho Mkurugenzi bila kukigusa, aliandika hawa, na akaandika wametoka, na akaandika tuwaite. Sikudhani, aliyekaa karibu naye, aliusoma mstari ule kichwa chini. Aliusoma mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ni shokapu hizi, au shokapu hawa?"

Mkurugenzi alijua kwamba watu waliosoma sana hupenda kumsahihisha mkubwa kwa njia ya kuuliza.

"Wewe ulinisikia nikisemaje?"

"Hawa."

"Basi ni hawa. Mimi, Bi Mlekwa, sikosei ngeli."

"Ahsante, Mheshimiwa. Iandikwe."

Ikaandikwa, ikathibitishwa, ikapigwa muhuri. Uamuzi ukapita kwa kauli moja: shokapu wa gari la Mkongoroni hawajachakaa, wanafanya kazi, na kila mmoja atapewa Cheti cha Utumishi Uliotukuka.

Mwinyimvua alikuwa anasubiri uwanjani, ameegemea gari. Alipoegemea gari lilidunda, kwa hiyo alikuwa anaegemea kwa uangalifu.

"Wamesemaje?"

"Hawajachakaa. Wamepewa vyeti."

"Nani hao?"

"Shokapu."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

"Vyeti vinne?"

"Vinne."

"Nivifunge chini ya gari, labda vitasaidia? Bi Mkaguzi, mimi nimekuja hapa na mwanangu. Hamumwoni, lakini nimekuja naye. Kama mnanicheza shere, niambieni nikatafute machela na watu wanane, nianze kumbeba Jumapili."

"Machela ni siku tatu."

"Najua ni siku tatu!"

"Nipe mpaka kesho saa sita, mzee," alisema Sikudhani. "Gari liache hapa."

* * *

Masjala ilikuwa chini ya Bi Chausiku, mwanamke aliyeamini kwamba jambo lisilo na faili halijatokea. Sikudhani alimwomba Kanuni za Utumishi wa Umma akaketi nazo tangu saa tano hadi saa nane. Hazikuwa kanuni za magari. Zilikuwa kanuni za watu, na zilitumika kwa "mtumishi yeyote anayetambuliwa hivyo katika kumbukumbu zilizothibitishwa."

Kanuni ya thelathini na moja: mtumishi aliyetumika miezi kumi na miwili mfululizo atapewa likizo ya siku ishirini na nane, na mkubwa wake akimnyima ametenda kosa. Kanuni ya thelathini na mbili: nafasi ya aliye likizo haibaki wazi, atawekwa kaimu. Hili la makaimu nchi ilikuwa imelizoea. Hakuna aliyewahi kuondolewa kazini. Watu walikwenda likizo, wakawekewa makaimu, na makaimu walipokwenda likizo wakawekewa wa kwao. Mwisho, Sikudhani alifungua mkataba wa dhamana, kifungu cha sita, ambacho hakuna aliyekisoma kwa sababu kilikuwa wazi mno: muuzaji atahakikisha kwamba ndani ya muda wa dhamana nafasi zote nne za shokapu hazibaki wazi.

Alichukua fomu nne za likizo akazipeleka kwenye meza ya Bi Chausiku.

"Jina la mwombaji?"

"Shokapu Mbele Kulia."

Bi Chausiku aliandika. "Kulia ndio ukoo?"

"Ndio ukoo. Wawili ni wa ukoo wa Kulia, wawili wa Kushoto."

"Mbona mwombaji ameandika pembeni urefu, sentimita arobaini na mbili? Fomu haiulizi urefu."

"Ni kwa ajili ya kaimu. Lazima awe na sifa zinazolingana."

"Haya. Hali ya ndoa?"

"Wamekaa wawili wawili."

"Nitaandika wameoa. Atakuwa wapi wakati wa likizo?"

"Stoo."

"Wenzetu wengi wanaishia huko," alisema Bi Chausiku. "Sahihi yake iko wapi?"

Hapo Sikudhani aliomba dakika ishirini. Alikwenda uwanjani, akaingia chini ya gari na zile fomu, akaibandika kila moja kwenye mwili wa mwenye nayo. Alirudi na madoa manne ya mviringo.

Bi Chausiku aliinua fomu ya kwanza kwenye mwanga.

"Hii ni jasho au ni kuvuja? Maana ikiwa ni kuvuja mimi sipokei."

"Jasho. Soma kumbukumbu, ukurasa wa pili."

Bi Chausiku alisoma ukurasa wa pili. Kisha akagonga mihuri minne, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Ijumaa saa tano na nusu Sikudhani alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi. Mkurugenzi aliona fomu za likizo akafurahi. Likizo alikuwa na mamlaka ya kuisaini peke yake, bila kikao.

"Hakuna mahali panaposema wamechakaa?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wamechoka tu."

"Kuchoka ni haki ya mtumishi," alisema Mkurugenzi, akasaini mara nne.

Ghala la muuzaji lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtunza ghala hakuwahi kutoa shokapu kwa dhamana maishani mwake, na alikuwa na maagizo ya maandishi asizitoe.

"Hizi ni za kubadilisha?"

"Hakuna kinachobadilishwa. Ni makaimu."

Mtunza ghala aliyapitia maagizo yake mstari kwa mstari. Hayakuwa yamewataja makaimu. Saa tano na dakika hamsini na mbili alisaini, na dhamana ilikuwa bado na uhai wa dakika nane.

Kazi ya kufunga ilikwisha saa tisa alasiri. Sikudhani alikandamiza kona ya nyuma kwa nguvu zake zote, akaiachia. Bodi ilipanda, ikakaa. Aliandika: mmoja. Mwinyimvua naye akakandamiza, akaiachia, akaenda kona ya pili, akakandamiza. Alizunguka gari zima.

* * *

Jumanne ya tarehe kumi na tisa, katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, Wizara ilitangaza kwamba kwa sababu ya Wiki ya Barabara Nzuri likizo zote za watumishi zimesitishwa. Kila aliye likizo aripoti kazini kesho, saa moja na nusu asubuhi. Waziri mwenyewe atapita maofisini kuangalia.

Saa saba na robo Mkurugenzi alimwita Sikudhani.

"Umesikia? Hawa wako wanne wanarudi. Waziri akikuta mtu ana cheti changu na hayuko kazini, nitasema nini? Wakaripoti."

"Wataripoti, Mheshimiwa."

"Na makaimu watoke."

Sikudhani alitoka nje ya ofisi ile akampigia simu Mwinyimvua, akamweleza alichoambiwa.

"Siwatu amekwisha kufunga mzigo wake," alisema mzee. "Naondoka naye saa mbili asubuhi. Nifanyeje?"

"Ondoka saa mbili."

"Na hao makaimu?"

"Uliambiwa na nani uwafungue?"

"Si wewe umeniambia sasa hivi?"

"Nimekuambia alichosema Mkurugenzi. Barua umepata?"

"Sijapata."

"Basi ondoka saa mbili."

Alirudi mezani akausoma mara tatu waraka wa Wizara ulioleta amri ile. Ulikuwa na kurasa mbili. Neno kuripoti lilikuwamo mara saba. Neno kufanya kazi halikuwamo.

Jumatano saa moja na dakika ishirini asubuhi Sikudhani aliwatoa shokapu wanne stoo kwa toroli, akawapandisha ngazi mmoja mmoja, akawasimamisha kwenye benchi la korido mbele ya ofisi ya Mkurugenzi. Saa moja na dakika ishirini na nane walitia sahihi katika daftari la mahudhurio. Sahihi zao zilifanana na zile za kwenye fomu, Bi Chausiku alizilinganisha.

Mkurugenzi alifika saa mbili na dakika tano. Kwa wakati huo gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka Mkongoroni dakika tano zilizopita.

"Hawa wanafanya nini hapa?"

"Wameripoti, Mheshimiwa."

"Nimewaona! Kwa nini hawako kwenye gari?"

"Wanasubiri kupangiwa kazi. Barua ya kumpangia kazi mtumishi aliyeripoti hutoka kwako, baada ya kikao. Na kaimu huendelea mpaka mwenye nafasi apangiwe. Kanuni ya thelathini na mbili, aya ya pili."

Mkurugenzi alitazama lile benchi lilivyo refu. Kando ya shokapu walikuwa wameketi watumishi sita walioripoti kazini kwa nyakati mbalimbali, nao wakisubiri kupangiwa. Wa mwishoni, bwana mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi, alikuwa ameripoti siku Ofisi ilipofunguliwa. Wote sita walikuwa wameinua vichwa wanasikiliza. Mtu kuripoti asubuhi na kupewa kazi asubuhi ile ile lingekuwa jambo jipya, na wangetaka kujua lilianza lini.

"Wasubiri," alisema Mkurugenzi, akaingia ndani akafunga mlango.

Yule bwana wa mkoba alijisogeza kidogo kuwapa wageni nafasi.

"Karibuni," aliwaambia. "Mmetoka idara gani?"

Saa tatu na dakika kumi na moja Mwinyimvua alipiga simu: Kona ya Jiwe ameipita, nyuma imefuata nyuma. Saa tatu na dakika arobaini alipiga tena: wameingia lango la hospitali, Siwatu amesinzia njia nzima, wamelazimika kumwamsha.

Saa nne Waziri alipita koridoni na wapiga picha. Alisimama mbele ya benchi.

"Na hawa?"

"Watumishi bora, Mheshimiwa Waziri," alisema Mkurugenzi. "Wana vyeti."

Waziri aliwapa mkono mmoja mmoja, kuanzia Kulia kwenda Kushoto. Alipomaliza alikitazama kiganja chake. Kilikuwa cheusi na kilimetameta.

"Hii ni nini, Daktari?"

Watu wote walimtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi alimtazama Sikudhani. Sikudhani aliitazama saa yake.

"Jasho, Mheshimiwa Waziri," alisema Mkurugenzi.

"La kazi," alisema Waziri, akakiinua kiganja juu ili wapiga picha wakipate vizuri.

Saa saba na dakika thelathini na tano simu ya mezani kwa Sikudhani ililia.

"Bi Mkaguzi, tayari."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika ishirini. Mama mzima, mtoto mzima." Mwinyimvua alisubiri. "Mbona huulizi ni wa kike au wa kiume?"

"Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Kilo tatu na robo. Huyu hapa anapiga kelele, msikilize mwenyewe."

Sikudhani alisikiliza. Kisha akavuta daftari la magari, akaandika: saa saba na dakika ishirini, wa kike, kilo tatu na robo, analia.